Lenzi Ndefu na Pete ya Ndugu Holger

Juni 1, 1973, Ijumaa

Nimepiga picha za pasipoti tangu asubuhi mpaka nimesahau kwamba binadamu ana miguu. Kaa wima, kidevu juu, usicheke, anayefuata. Mwaka wa pili huu niko nyuma ya pazia la Studio Mwangaza, na kamera ya nje, ile ya harusi na sherehe, bado inaning'inia shingoni mwa Mzee Abeid, mwenye studio, kama hirizi.

Jioni akaja Ndugu Holger, fundi wa Kidenmaki wa kiwandani Nyakato. Ukimwita Holger bila "Ndugu" ananuna. Mkataba wake unaisha mwishoni mwa Agosti, na anataka tumtengenezee albamu kubwa ya miaka yake yote hapa. Akaweka vitu viwili juu ya kaunta. Cha kwanza ni lenzi ya kuvuta mbali, ndefu kama mchi. Cha pili ni pete nene ya chuma yenye vioo ndani, inaenea kiganjani. Pete unaichomeka kati ya kamera na lenzi uliyo nayo, na lenzi yako ya kawaida inavuta mara mbili zaidi. Tuvitumie vyote msimu mzima, akasema, kisha siku ya safari yake tuchague kimoja kibaki studio badala ya malipo.

Mzee Abeid akachukua pete, akaitia mfukoni, akaitoa, akatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshaikumbatia lenzi.

"Binti Rwegasira," akaniambia, "mwezi huu kuna sherehe ya ngoma ya Bulabo kule Bujora. Niletee picha ya ngoma inayostahili dirisha langu, kamera ya nje itakuwa yako. Usipoleta, pazia lako lipo, halijaenda popote."

Kutoka chumba cha giza ikasikika sauti ya Luhaga, msafishaji wetu wa picha: "Ataleta picha ya Wagika wakishinda, mzee! Tengeneza nafasi kubwa dirishani!"

Luhaga ni Mgika, mtu wa kundi moja kati ya mawili yanayoshindana ngoma za Kisukuma. Ukikaa naye dakika mbili utaambiwa, hata kama umekuja kuuliza njia ya posta.

Juni 4, Jumatatu

Nimeibeba lenzi ndefu na kamera ya pasipoti mpaka miambani ziwani kumpiga picha mnandi, ndege wa majini, anayeanika mabawa. Bega linaniuma kama nimebeba maji. Picha imetoka safi, unaweza kuona jicho lake. Naipenda hii lenzi na sioni haya kusema.

Juni 5, Jumanne

Mwamba uleule, mnandi uleule, leo kwa pete. Pete inakula mwanga, hivyo ilinibidi niache kamera ifunguke muda mrefu zaidi, na ndege hakukubali kutulia. Luhaga aliitoa picha kwenye maji, akaitazama, akauliza, "Huyu amekufa lini?"

Mzee Abeid hakucheka. Anasema pete ina mambo yake. Anaitetea kwa sababu ni ndogo. Mzee wetu anapenda kila kitu kidogo: kalamu fupi, sigara nusu, maneno machache.

Juni 9, Jumamosi

Leo nimecheka mpaka mbavu zimeniuma. Foleni ya sukari ilikuwa ndefu toka mlango wa duka la ushirika mpaka kona, nami nikaipiga kwa lenzi ndefu nikiwa mwisho kabisa wa barabara. Nikaipeleka picha nyumbani kwa shangazi yangu, Ma Eugenia, ninayekaa naye Nyakato. Yeye ni muuguzi, na macho yake hayakosi kitu.

"Waitu!" akapiga kelele. "Huyu Suzana si ndiye jirani yetu? Mbona amemwegemea mume wa Leonsia hadharani?"

Nikamwambia hawakuegemeana. Nilikuwepo. Kati yao ungeweza kupitisha mkokoteni. Ni lenzi tu imewasogeza.

"Lenzi haina mikono ya kumsogeza mtu," akasema Ma Eugenia, akaigeuza picha kifudifudi mezani, na wakati wa kula akawa anaichungulia.

Juni 13, Jumatano

Upepo na vumbi. Pasipoti.

Juni 20, Jumatano

Vumbi tena. Luhaga anafanya mazoezi ya nyimbo chumba cha giza, na sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya pipa. Jumapili Wagika wake watapambana na Wagalu wa Mzee Mayala wa Kisesa. Nikamwuliza nani huamua mshindi. Alinishangaa.

"Dada Josepha, kwani Bukoba mnachezaje? Ngoma mbili zinapigwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Watu wanatazama wanakotaka. Wakichoka na wewe wanahamia kwa mwenzako. Wazee wa ngoma wanaangalia watu wamejaa wapi, basi. Ndiyo maana mtu anacheza na chatu, mwingine na nungunungu. Unawang'ang'ania watu wasiondoke."

"Na wewe hujawahi kwenda kutazama upande wa Wagalu?"

"Mimi?" Akaweka mkono kifuani. "Afadhali nife."

Juni 24, Jumapili

Nimerudi na vumbi mpaka kwenye meno.

Kutoka misa ya asubuhi mpaka jua linazama, Bujora ilikuwa watu, njuga na ngoma. Nilipanda juu ya jiwe kubwa mbali na uwanja, nikasimamisha lenzi ndefu kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikajiona malkia. Kutoka pale niliwaona watu tele na hakuna aliyeniona. Wagika walikuwa chini upande wangu. Luhaga yuko katikati yao, kajifunga nguo kiunoni, anaimba mshipa umemtoka shingoni. Nilipiga watu wamewazunguka pande zote, kichwa juu ya kichwa, hakuna hata pa kupenyeza jani.

Kutoka juu ya jiwe Wagalu hawakuonekana, mti ulikuwa umewaziba. Kwa hiyo jua lilipoanza kushuka niliteremka, nikafunga lenzi fupi ya kila siku, nikaenda kusimama karibu kabisa na mduara wao. Mayala ni mzee mrefu mkavu, anayejua kwamba anatazamwa. Chatu alikuwa shingoni kwake, naye anazungumza naye kama anamsimulia habari za nyumbani. Niliona ni mtu wa majivuno. Nikapiga picha yake na watazamaji wake, nikaondoka.

Wazee wa ngoma walisema Wagalu wameshinda. Luhaga alirudi mjini kimya juu ya lori, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Juni 28, Alhamisi

NIMESHINDA. Mzee Abeid amezitazama picha mbili kwa muda mrefu, akaondoa dirishani picha ya harusi ya mpwa wake, iliyokaa pale tangu nifike, akaweka zangu: Wagika kushoto, Wagalu kulia. Kisha akavua kamera ya nje shingoni akanivisha. Sikujua ni nzito hivi. Nimeivaa mpaka nyumbani, nimekula nayo matoke, na Ma Eugenia ameniambia niivue nisije nikaimwagia mchuzi.

Juni 30, Jumamosi

Watu wamejazana dirishani. Nilidhani wanasifu kazi yangu.

"Haya, tazama mwenyewe," alikuwa akisema mtu mmoja, kidole kwenye kioo. "Huku watu wamebanana kama dagaa guniani. Huku unaona majani kati ya mtu na mtu. Sasa hawa wazee walimpaje Mayala ushindi?"

"Walihongwa chatu, wakamla," akasema mwingine, watu wakaangua kicheko. Luhaga alikuwa mlangoni anatabasamu kama bwana harusi.

Nikatazama picha zangu tena. Ni kweli. Kushoto hakuna nafasi hata ya kidole. Kulia majani.

Julai 2, Jumatatu

Mzee Mayala amekuja. Amevaa koti jeusi, ametoka Kisesa kwa baiskeli, na hakuwa na chatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba taratibu, akaenda kusimama mbele ya dirisha kwa upande wa nje, peke yake. Aliporudi ndani hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "watu wale nilikuwa nao. Niliwaona kwa macho yangu. Sasa sokoni naitwa mwizi wa ushindi, na wazee walioamua wanaitwa wala rushwa. Mmoja wao ni baba wa ubatizo wa mtoto wangu. Picha yako imeninyang'anya watu wangu. Wamekwenda wapi?"

Nilisema kamera haisemi uongo. Nilisema hivyo, ndiyo, kwa sauti ya kiburi, kwa sababu niliogopa.

Mzee Abeid alimpa kiti na chai. Alipoondoka, mzee wangu akanyoosha mkono. Nikavua kamera nikampa. Akatoa picha zote mbili dirishani, akarudisha harusi ya mpwa wake.

Julai 7, Jumamosi. Saba Saba

Mji mzima uko kwenye sherehe. Mzee Abeid amekwenda kupiga picha na kamera yake. Mimi pasipoti. Alikuja mteja mmoja tu, naye alikuwa amelewa.

Julai 10, Jumanne

Wagika na Wagalu wa mtaa wetu wa Nyakato hawasalimiani bombani. Mambo ya kitoto kabisa. Na chanzo ni mimi.

Julai 15, Jumapili

Nimelipata, na aliyenipa ni Suzana wa watu, bila kujua.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Mbele yetu barabarani, mbali, Suzana alikuwa anatembea na mume wa Leonsia nyuma yake. Ma Eugenia akanibinya mkono: "Unaona? Wameshikana kabisa!" Tulipowakaribia, kati yao palikuwa na mbuzi wawili na mtu anayewaswaga.

Nikasimama katikati ya barabara. Ma Eugenia akadhani nimepatwa na malaria.

Sio lenzi, ni mahali niliposimama! Ukiwa mbali, watu wanabanana hata kwa jicho tupu, ila jicho halijali. Lenzi ndefu inakuletea karibu ule mbanano wa mbali. Wagika niliwapiga nikiwa mbali juu ya jiwe, wakawa dagaa guniani. Wagalu niliwapiga nikiwa karibu, kila mtu akabaki na nafasi yake na majani yake. Laiti ningepanda jiwe upande wa pili, Mayala angekuwa na umati na Luhaga angekuwa na majani. Na mambo haya nilikwisha kuyaona mwezi Juni kwenye foleni ya sukari, nikacheka, nikalala.

Nimejikasirikia sana. Halafu nimefurahi. Ma Eugenia naye amefurahi, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu imebidi amsamehe Suzana.

Julai 22, Jumapili

Nimekwenda Kisesa kwa miguu yangu, nimebeba lenzi ndefu. Kamera niliiazima kwa Mzee Abeid, ambaye alisema, "Kwa kuomba radhi tu, si kwa kupiga picha," akatoa filamu ndani kuhakikisha.

Mayala alikuwa anapura mtama. Nilimwamkia, nikamwomba awapange vijana wake wa ngoma kwenye njia, mmoja mmoja, kila mtu mbali na mwenzake kiasi cha kumtupia jiwe dogo. Nikampeleka mbali, nikamwekea jicho kwenye kamera.

Akaondoa jicho, akawatazama vijana. Akarudisha jicho. Akaondoa. Mara mzee yule mrefu mkavu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti.

"Wamepandana migongoni! Na yule wa mwisho ana deni la mbuzi kwa wa mbele, hawezi kumsogelea hivyo hata kwa fimbo!"

Akaita wanawe, akaita jirani, kila mtu akatazama, kila mtu akacheka. Tukala viazi. Nimegundua si mtu wa majivuno. Anatembea wima hivyo kwa sababu ya mgongo, chatu yule ni mzito.

Kisha akaniambia kuwa Wagika wamedai marudio, na wazee wamekubali, Agosti kumi na mbili. "Safari hii njoo utupige wote kwa haki, mayu. Na usikae juu ya jiwe kama mwewe. Shuka chini walipo watu."

Nikamwambia sina kamera ya nje tena.

Julai 27, Ijumaa

Mayala amekuja studio tena na baiskeli yake. "Mzee Abeid, mpe huyu kamera," akasema. "Simtaki mwingine. Huyu sasa anajua alichonikosea."

Mzee Abeid aliishika kamera shingoni kwake. "Siku moja," akaniambia. "Mara hii ukikosea, hata Luhaga hataweza kukutetea."

"Mimi nilikuwa nimtetee?" akauliza Luhaga kutoka gizani.

Agosti 5, Jumapili

Watu wanachoma majani vilimani. Moshi kila mahali, jua jekundu kuanzia saa tisa. Nimejaribu lenzi ndefu: kila kilicho mbali kinatetemeka kama kiko ndani ya maji. Lenzi inauvuta na moshi pia.

Agosti 12, Jumapili

Niandike haraka kabla sijasahau.

Nilikwenda na vyote viwili. Nilikuwa nimepanga kutafuta mahali ambapo pande zote mbili zinaonekana sawasawa kutoka mbali, kwa lenzi ndefu. Nikapapata, kilima kidogo. Nikatazama: kweupe kama maziwa. Moshi ulikuwa umetanda juu ya uwanja, na watu walikuwa vivuli. Ngoma zilikuwa zimeshaanza. Nilikaa pale juu nikamlaani kila mwenye kiberiti wilaya nzima.

Halafu nikakumbuka maneno ya Mayala. Nikafunga lenzi ndefu kwenye kanga yangu, nikachomeka pete kwenye lenzi ya studio, nikashuka.

Katikati ya miduara miwili palikuwa na lori lililoleta Wagika. Nikaparamia nyuma. Kutoka pale umbali ulikuwa mmoja kushoto na kulia, na nikaapa sitahama, lenzi ileile, pete ileile, kwa wote. Pete ikala mwanga wake. Jua lilikuwa limekwisha kuwa jekundu, kwa hiyo ilinibidi niache kamera ifunguke muda mrefu, nimebana pumzi, viwiko juu ya ubavu wa lori. Nilijua kila anayetembea atatoka ukungu. Nikasema potelea mbali.

Filamu ikabaki kidogo. Nikashuka nikaingia ndani ya mduara. Lenzi ndefu ukiwa karibu haioni kitu, inataka urudi nyuma mpaka kwa jirani. Pete haina makuu hayo. Mayala aliniona, akapiga goti mbele yangu na chatu wake, akatulia tuli katikati ya kelele zote zile mpaka nilipofyatua. Niliona jasho kwenye kope zake. Nilitaka kulia, sijui kwa nini, nikacheka.

Nikakimbia upande wa pili nikampiga na mwenye nungunungu wa Wagika.

Wazee wamesema: Wagika wameshinda, kwa haki, na Mayala mwenyewe amewapa mkono. Luhaga alirudi juu ya lori anaimba njia nzima. "Sikusogea hata hatua moja kutoka kwa watu wangu!" aliniambia mara kumi. "Hata hatua moja!"

Agosti 14, Jumanne

Leo nimeingia chumba cha giza pamoja na Luhaga. Taa nyekundu, harufu ya dawa, yeye anapiga mluzi wa ushindi.

Picha ya Wagika ikajitokeza kwanza: umati wa kutosha, na kati ya miduara miwili watu waliokuwa wanahama wametoka kama moshi, wengine wanakwenda huku, wengine wanakwenda kule. "Safi," akasema Luhaga. Akatia ya Wagalu kwenye maji.

Ilianza na kofia. Kisha mduara mdogo. Wengi wa pale walikuwa moshi, wanajiandaa kuondoka. Wachache waliotulia walitoka wazi. Na mmoja alikuwa wazi kuliko wote, mstari wa mbele kabisa, nguo kiunoni, mikono mashavuni, mdomo wazi, anamtazama Mayala na chatu wake.

Mluzi ukakatika.

"Luhaga," nikasema.

"Huyo si mimi."

"Luhaga, hilo shati nalijua mimi."

"Nilipita tu! Nilikuwa natafuta maji ya kunywa."

"Aliyepita ametoka moshi. Wewe umetoka na vifungo."

Akasogeza mkono kuichana, akaishia kuitikisa ndani ya maji polepole, isije ikatoka madoa. Hawezi kuharibu picha nzuri, hata ya kumfedhehesha. Mwaka wa pili huu nimekuwa nikimwona mpiga domo tu. Leo nimemheshimu, ila sikumwambia.

Agosti 18, Jumamosi

Picha nne dirishani: miduara miwili, nyuso mbili. Watu tele. Wamehesabu, wamelinganisha, wameridhika. Kisha mmoja akamwona Luhaga. Kicheko kile kimesikika mpaka sokoni. Wagalu wanamsalimia bombani kwa jina, na wakishaanza hivyo Wagika nao wanaitikia.

Mayala alikuja mchana. Alitazama umati wake mdogo muda mrefu, nikaogopa. Akanigeukia. "Wamenipenda wachache," akasema, "lakini yule pale wa mbele, mayu, ningempata yeye peke yake ningecheza mpaka kesho."

Luhaga alitoka chumba cha giza, akampa mkono, akasema nyoka ndiye aliyemvutia. Mayala akasema nyoka anashukuru.

Mzee Abeid alinivisha kamera jioni baada ya kufunga. Harusi ya mpwa wake ameiweka kwenye droo.

Agosti 30, Alhamisi

Albamu imekwisha na Ndugu Holger ameipakata kama mtoto. Asubuhi tulikutana kwenye kaunta, lenzi na pete, na Mzee Abeid akaniambia nichague mimi, kwa kuwa ndimi mpiga picha wa nje. Nililitamka neno "nje" kimoyomoyo mara mbili.

Nikaishika ile lenzi kwa mara ya mwisho. Sijaacha kuipenda. Nikamsogezea Ndugu Holger. Nikachukua pete nikaitia mfukoni, nikaitoa, nikamwona Mzee Abeid anatabasamu.

Tulimsindikiza bandarini, meli ya Kisumu. Gatini palikuwa na upepo. Mzee Abeid alisimama mbali na maji, anaogopa kulowa. Mimi nilisimama ukingoni. Luhaga, ambaye bado ananidai heshima yake kwa sababu ya ile picha, alisimama peke yake huko nyuma, kwenye magunia ya pamba. Meli ilikuwa imeshakwenda mbali tulipomwona Ndugu Holger ameinua lenzi ndefu, ametulenga.

"Tusogeleane basi, tutoke pamoja!" akapiga kelele Mzee Abeid, na Luhaga akaanza kuja, kwa uzito.

Nikamwambia abaki hapohapo alipo. Kutoka kule meli ilipofika, tulikuwa tumekwisha kukumbatiana.